Kishindo Kimoja cha Matoazi

Miongoni mwa waongozaji wa filamu waliojaaliwa umri na umaarufu wa kutosha kuigeukia kazi ya ujana wao na kuitamani upya, hakuna aliyetuachia ushahidi mwema wa kuchunguza kuliko Alfred Hitchcock, ambaye mwaka 1934, akiwa bado mtumishi wa kampuni ya Gaumont-British jijini London, alitengeneza filamu ya taharuki iitwayo The Man Who Knew Too Much, na mwaka 1956 akaitoa tena kwa jina lile lile huko Marekani, chini ya kampuni ya Paramount, kwa rangi, kwa waigizaji wenye sifa kubwa, na kwa urefu wa saa mbili badala ya saa moja na robo. Baadaye wengine nao walijaribu jambo hili: George Sluizer aliirudia kwa Kiingereza mwaka 1993 filamu yake ya 1988, Spoorloos, akaivua mwisho wake wa kutisha, na mwisho huo ndio uliokuwa roho ya hadithi, naye Michael Haneke aliirudia Funny Games ya 1997 baada ya miaka 10, karibu picha kwa picha, asibadili ila lugha na nyuso. Hitchcock hakubomoa wala hakunakili. Dai langu ni kwamba hata hadithi yenyewe hakuirudia kwa ajili yake, bali alirudia dakika chache zinazopita ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall, na mengine yote katika filamu ya pili, mazuri na mabaya, yamewekwa ili kuzihudumia dakika hizo.

Hadithi, ukiivua mapambo, ni nyepesi kuelezwa. Mume na mkewe, wakiwa na mtoto wao mmoja katika matembezi ya nchi ya kigeni, wanazoeana na mtu aitwaye Louis Bernard, ambaye huuawa mbele ya macho yao, na kabla ya kukata roho huwaachia siri kwamba mkuu fulani wa dola atauawa London. Na waliopanga mauaji hayo, ili kuwafumba wazazi midomo, humwiba mtoto. Mwaka 1934 wazazi ni Waingereza, mtoto ni wa kike, na mahali ni St. Moritz, katika theluji ya Uswisi. Mwaka 1956 wazazi ni Wamarekani, daktari Ben McKenna wa Indianapolis na mkewe Jo, aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa jukwaani kabla ya kutulia nyumbani. Mtoto ni wa kiume, jina lake Hank, na mahali ni Marrakech. Katika zote mbili risasi imepangwa kufyatuliwa ukumbini wakati muziki unapopigwa, katika nukta ile ambayo kishindo cha okestra kitaumeza mlio wa silaha.

Hitchcock alishikilia maisha yake yote kwamba mshtuko huzaliwa kwa kumficha mtazamaji habari, na taharuki huzaliwa kwa kumpa; na tofauti kubwa baina ya filamu zake hizi mbili ni kiasi cha maarifa anachojaziwa mtazamaji kabla hajaingia ukumbini. Katika ile ya 1956 mafunzo yanaanza na majina ya watengenezaji: okestra inapiga, nyuma yake amesimama mtu wa matoazi, anayainua na kuyagonganisha mbele ya macho yetu, na maandishi yanatujulisha kwamba kishindo kimoja cha namna hiyo kiliyatikisa maisha ya familia moja ya Marekani. Hatujui bado familia ni ipi wala kwa nini, lakini toazi tumekwisha kuliona. Zaidi ya saa nzima baadaye, katika kanisa dogo la London ambalo wabaya wamelifanya maficho, Bwana Drayton, mmoja wao, anamwekea muuaji wa kukodiwa santuri ya muziki utakaopigwa usiku ule, anamsikilizisha kipande kinachotangulia kishindo, kisha anakirudia ili asikosee. Santuri ile inamfundisha muuaji, na pamoja naye inatufundisha sisi. Filamu ya 1934 nayo ina gramafoni yake, wala si haki kusema kwamba wazo ni jipya. Ila pale lilipita kwa haraka, na hapa limetiwa ndani ya kichwa cha mtazamaji kama mwalimu wa chuo anavyomtia mtoto aya, kwa kurudia.

Sasa tuingie ukumbini. Muziki ni kantata iitwayo Storm Clouds, iliyotungwa na Arthur Benjamin kwa ajili ya filamu ya kwanza, kwa maneno ya D. B. Wyndham-Lewis. Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu ya pili, alipewa fursa ya kuandika kitu kipya mahali pake, akaona kwamba kazi ya Benjamin haihitaji mrithi. Akaipanua ala zake, na ndiye yeye mwenyewe tunayemwona akiiongoza London Symphony Orchestra, amesimama mbele ya kwaya kubwa, na jina lake limebandikwa nje ya ukumbi. Kwa muda wa dakika takriban 12 halisikiki hata neno moja la mazungumzo. Jo, ambaye Doris Day amemwigiza kwa ustadi ambao wengi hawakumdhania, amesimama nyuma ya viti, na muuaji amekwisha kumpitia karibu akamdokeza kwa adabu kwamba usalama wa mwanawe uko mikononi mwake usiku huu. Akipiga ukelele, mwanawe huenda akafa. Akinyamaza, atakufa mgeni asiyemjua, waziri mkuu aliyeketi katika roshani yake akiusikiliza muziki. Na kutoka roshani ya pili, nyuma ya pazia jekundu, mdomo wa silaha unatokeza polepole.

Jinsi dakika hizo zilivyounganishwa ndiyo sanaa niliyokusudia kuitazama kwa makini. Vipande vya picha ni zaidi ya mia, na bwana mkataji George Tomasini hakuvipanga kwa kufuata matendo ya watu, kwani watu karibu hawatendi kitu, bali kwa kufuata muziki, ambao una fadhila moja isiyopatikana katika mwenendo wa kawaida wa hadithi, nayo ni kwamba hauwezi kuharakishwa wala kucheleweshwa. Kwaya inapumua, picha inabadilika. Zumari zinajibu, tunauona uso wa Jo. Ngoma zinavuma, tunamwona waziri mkuu ametulia. Kisha kamera inafanya jambo la ujasiri: inauteremkia ukurasa wa noti na kutembea juu ya mistari yake hadi kuifikia noti pweke ya matoazi, iliyokaa peke yake katika uwanja mtupu. Hitchcock alimwambia mwongozaji mwenzake François Truffaut kwamba laiti watazamaji wote wangejua kusoma noti, sehemu hii ingekuwa na nguvu zaidi. Na alikiri pia kwamba mtu wa matoazi, anayengoja usiku kucha apige mara moja tu, alimtoa katika katuni za H. M. Bateman, mchoraji wa Uingereza, zinazomhusu mwanamuziki aliyeamka, akavaa, akasafiri na kuketi ili apige noti moja na kurudi kwake. Lililokuwa mzaha katika gazeti likawa saa ya mauti katika senema, bila ya kubadilishwa umbo. Matoazi yamelala juu ya kiti, mwenyewe anainuka, anayatwaa, na kwa kuwa tumefunzwa, tunajua hesabu iliyobaki pengine kuliko muuaji mwenyewe.

Ben naye, ambaye ni James Stewart, amefika na anapanda ngazi mbio, anajaribu milango ya roshani, anawasihi askari, na midomo yake inatembea bila sauti. Stewart alisimulia baadaye kwamba alikuwa na maneno mengi ya kusema pale, na kwamba Hitchcock aliyafuta kwa sababu yalimzuia kuisikiliza okestra. Nadhani huo ndio uamuzi bora kabisa katika filamu nzima. Maneno yangetueleza tulichokwisha kukijua, na kila sentensi ingemtoa mtazamaji katika hesabu ya muziki. Kimya kimemfanya mume, mwanamume wa vitendo, kuwa bubu asiye na msaada, na uamuzi ukabaki kwa mkewe. Jo anapiga ukelele. Risasi inakosa lengo, inamkwaruza waziri mkuu mkononi, na muuaji, akibanwa na Ben, anaanguka kutoka roshani.

Ukumbi wa 1934 ulijengwa kwa ufukara, na ufukara ule unastahili heshima. Fedha za kuujaza ukumbi watu hazikuwapo. Basi Hitchcock alipiga picha za mahali pale kutoka pembe alizozitaka, akampa Fortunino Matania, mchoraji mwenye sifa, achore juu yake hadhira nzima, kisha kwa njia ya kioo aliyoibuni Mjerumani Eugen Schüfftan, ile iliyotumika katika Metropolis ya 1927, michoro ikaakisiwa ndani ya kamera, na mahali palipohitajika mtu hai rangi ya kioo ilikwanguliwa ili aonekane kwa nyuma: katika roshani moja mwanamke anafungua karatasi ya ratiba, na jicho la mtazamaji likishamwona huyo linawasadiki maelfu wasiotikisika. Lakini hila hii ina mipaka yake. Kamera haiwezi kutembea huku na huku mbele ya kioo. Haiwezi kumfuata mtu wa matoazi, wala kuushukia ukurasa wa noti. Mama wa 1934, Edna Best, anajaa machozi, ukumbi unafifia kama autazamavyo yeye, na hadithi inakimbilia maficho ya wabaya, ambao wanausikiliza muziki redioni. Ni wazo la werevu, na ni la mtu ambaye mkoba wake umekwisha. Aliporudi akiwa na VistaVision, ambayo filamu yake hupita kwa ubavu ndani ya kamera ili kila picha ipate eneo kubwa na wazi zaidi, na akiwa na mpiga picha Robert Burks, kila alichokuwa amekikimbia aliweza kukikabili.

Mengine ya filamu ya pili hayalingani. Marrakech ilipigwa picha Mei 1955, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, Moroko ikingali chini ya Wafaransa, na watu wake hawakupewa kazi ila kuwa pambo la safari ya Mmarekani. Msomaji wa pwani ataona daktari akihangaika kumla kuku kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na kuuzuia wa kushoto, na atacheka kwa sababu isiyokuwa ile aliyoikusudia mwongozaji. Lakini sokoni kuna fundisho la ufundi. Louis Bernard, amejigeuza Mmoroko kwa kanzu na rangi ya uso, anachomwa kisu mgongoni, na Ben anapomshika mashavuni rangi inabanduka chini ya vidole vyake. Kwa kweli rangi ile ilikataa kubanduka. Ikabidi vidole vya Stewart ndivyo vipakwe rangi nyeupe, viache michirizi juu ya uso wa Daniel Gélin, na mtazamaji akaona kuondolewa kwa kitu mahali palipotiwa kitu.

Tena kuna chumba cha hoteli, ambapo Ben, akijua kwamba Hank ameibwa na Jo hajui, anamshurutisha mkewe ameze dawa ya kumtuliza kabla hajamwambia. Sisi tunajua, yeye hajui. Dawa iko mkononi, habari iko kinywani. Ni kanuni ile ile ya ukumbini, imefanywa na watu wawili bila ya okestra, na ukali wake ni kwamba anayemtesa mtazamaji na mke kwa pamoja ni mume mwenye nia njema.

Palipo dhaifu ni London kabla ya ukumbi. Ben anapolifuata jina lisilo lenyewe hadi kwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama waliokufa na kupigana naye katikati ya simba na samaki, taharuki inalegea na hairejei mpaka kanisani. Wala Drayton, ingawa Bernard Miles anamwigiza vizuri, hamfikii Peter Lorre wa filamu ya kwanza, aliyekuwa ametoka Ujerumani akikimbia utawala wa Hitler, ambaye tabasamu lake lilitisha kuliko silaha za wenzake.

Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba ya kwanza ilikuwa kazi ya mtu wa ridhaa mwenye kipaji na ya pili ni ya fundi wa kazi. Nakubaliana naye, kwa sababu moja iliyo nje ya ukumbi. Mama wa 1934 ni mlenga shabaha, na mwisho anampokonya askari bunduki na kumwangusha juu ya paa mtu aliyemshika binti yake. Jambo zuri, lakini halina uhusiano na ukelele wake ukumbini. Jo ni mwimbaji. Tumemsikia Marrakech akiimba Que Sera, Sera pamoja na Hank, wimbo wa Jay Livingston na Ray Evans uliopata tuzo ya Oscar. Ukumbini sauti yake inamwokoa mgeni. Na ubalozini, anakofichwa mtoto, anauimba wimbo ule kwa nguvu isiyo ya adabu ya sebuleni mpaka Hank anaujibu kwa mluzi kutoka ghorofani. Silaha ya mama ni ile ile mwanzo hadi mwisho, na ukumbi umepata mahali pake ndani ya hadithi badala ya kuwa tamasha lililosimama peke yake.

Filamu ya pili, pamoja na nyingine nne za Hitchcock, ilizuiwa isionyeshwe kwa miaka mingi, ikarudi katika majumba ya senema mwaka 1984 baada ya kifo chake. Leo zote mbili hupatikana. Atakayezitafuta na aanze na ya 1934, kwani atakayeianza ya 1956 ataiona ile ya kwanza imekatizwa pale ambapo utamu unaanza.