Shetani Ashukaye Msalabani: Ndoto Inayojirudia na Mtaa wa Ofafa Jericho katika Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o

Utangulizi

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Shetani Msalabani (1982), inaanza kwa kumvua mhusika wake mkuu kila kitu. Jacinta Warĩĩnga anapoteza kazi ya ukarani kwa kumkataa kimapenzi mkubwa wake. Anampoteza mpenzi wake, ambaye anamtuhumu kwa jambo lile lile alilolikataa. Hatimaye anapoteza chumba alichopanga katika mtaa wa Ofafa Jericho, Eastlands ya Nairobi, baada ya kushindwa kukubaliana na nyongeza ya kodi. Mizigo yake inatupwa nje na watu waliotumwa na mwenye nyumba. Akiwa katika kituo cha basi, tayari kurudi kwa wazazi wake Ilmorog, anashikwa na kizunguzungu. Hapo ndipo inapomjia ndoto ambayo si mgeni kwake, kwani imekuwa ikimrudia tangu siku za shule.

Ndoto yenyewe ni maarufu. Umati wa watu waliovaa matambara unamkamata Shetani, unamsomea mashtaka na kumsulubisha. Baada ya siku tatu wanakuja watu wengine, weusi, waliovaa suti na tai. Wanamshusha msalabani, wanampigia magoti na kumwomba awagawie ujanja wake. Ni rahisi mno kuifasiri: Shetani ni ukoloni, msalaba ni vita vya ukombozi, na wenye suti ni tabaka lililorithi dola mwaka 1963. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini inaacha swali moja bila kuligusa. Ikiwa ujumbe wa ndoto ni bayana kiasi hicho, kwa nini ijirudie? Istiari huhitaji kusemwa mara moja tu. Makala haya yanadai kwamba kule kujirudia ndiko kiini cha maana ya ndoto ya Warĩĩnga, na kwamba mhakiki anayekuruka hupoteza mambo mawili kwa pamoja: historia iliyoizaa ndoto na mwanamke anayeiota.

Kuota na kuoteshwa

Kabla ya kuiendea saikolojia ya Ulaya, inafaa kusikiliza lugha yenyewe. Kiswahili kina ndoto, njozi, ruya na jinamizi, na maneno haya hayalingani. Ruya huhusishwa na ujumbe utokao juu. Jinamizi ni ile hali ya mtu kuhisi amekandamizwa usingizini, asiweze kusema wala kujitikisa. Aidha, lugha hutofautisha kati ya kuota na kuoteshwa. Aotaye ni mtenda, na ndoto ni yake. Aoteshwaye ametendwa, yupo aliyemwotesha, awe mzimu, pepo au Mungu, na ndoto hiyo ina deni ndani yake. Mganga husema ameoteshwa dawa, na kwa kusema hivyo hukiri kwamba dawa si mali yake peke yake.

Mapokeo ya dini nayo yana la kusema mintarafu ya kujirudia. Katika Kitabu cha Mwanzo, Farao anaota ng'ombe wanono wakiliwa na waliokonda, kisha anaota masuke mema yakimezwa na masuke membamba. Yusufu anafafanua kwamba ndoto ni moja, na kwamba imekuja mara mbili kwa kuwa jambo hilo limekwisha kuamuliwa na litatimia karibuni. Kadhalika, mapokeo ya Kiislamu yanayofahamika pwani na katika Pumwani, kitongoji cha kale cha Waislamu wa Eastlands, huzigawa ndoto katika mafungu matatu: itokayo kwa Mungu, itokayo kwa Shetani, na ile ambayo nafsi hujizungumzia yenyewe. Ile ya pili haifai kusimuliwa.

Ndoto ya Warĩĩnga inaivuruga migawanyo hii. Ndani yake yumo Shetani, lakini haitoki kwa Shetani, inamfichua. Ni mazungumzo ya nafsi, lakini yanayozungumzwa yanaihusu nchi nzima. Inafanana zaidi na ndoto ya Farao, kwani zote mbili, chini ya picha za kutisha, zinahusu uchumi: nani atakula, na nani ataliwa. Tofauti ni kwamba Farao aliota akiwa na ghala na mamlaka ya kulijaza, ilhali Warĩĩnga anaota akiwa hana hata chumba.

Sura mbili za ndoto moja

Riwaya inaisimulia ndoto hii zaidi ya mara moja, na masimulizi hayalingani kwa ubora. Simulizi la kwanza, la kituo cha basi, ni refu. Shetani ana pembe saba, ana tarumbeta za kupigia nyimbo za kuzimu, ana midomo miwili, na tumbo lake limefura kana kwamba linakaribia kuuzaa uovu wote wa dunia. Watu wanamsomea mashtaka kwa ufasaha wa wakili. Hapa mwandishi anachota kwa wingi kutoka katika Kitabu cha Ufunuo na katika mahubiri, na hapana budi kukiri kwamba athari yake ni ya mimbari zaidi kuliko ya usingizi. Aotaye hasikii hotuba zilizopangwa aya kwa aya. Msomaji asiyeridhika na sehemu hii hana kosa.

Simulizi la pili linakuja baadaye sana, Warĩĩnga anapoieleza asili ya ndoto hiyo. Ni fupi, na ndilo lenye nguvu. Linatupeleka Nakuru, katika kanisa alikosali akiwa msichana wa shule huku akizitazama picha za ukutani. Usiku, badala ya Yesu, alimwona Shetani msalabani. Ngozi yake ilikuwa ile ya Mzungu mnene aliyepata kumwona karibu na klabu ya michezo ya Wazungu mjini humo, na matambara ya wale waliomsulubisha yalikuwa yale aliyozoea kuyaona katika mtaa wa Bondeni. Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya tafsiri ya ndoto, alionyesha jinsi ndoto inavyojengwa kwa mabaki ya mchana, yaani vipande vya mambo madogo ambayo jicho limeyapitia. Hivi ndivyo ilivyo hapa. Pembe na tarumbeta zimepotea. Imebaki ngozi ya mtu mmoja na nguo za mtaa mmoja. Msichana amewaona matajiri na maskini wa Nakuru kwa macho yake, na kwa kuwa mchana hakuna aliyemruhusu kuwaweka katika sentensi moja, anawaweka usiku.

Kwa hiyo ndoto hii yafaa isomwe kinyumenyume, kutoka Nakuru kuelekea kituo cha basi cha Nairobi. Ikisomwa hivyo, zile pembe saba huonekana kuwa kitu kilichoota baadaye juu ya kumbukumbu ndogo iliyo halisi. Kila maisha yanapomjeruhi Warĩĩnga, ndoto inaongezewa uzito: wazazi waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari, mjomba aliyemkuwadia kwa tajiri mzee, mimba, jaribio la kujiua katika reli, na hatimaye ofisi na mwenye nyumba. Haiji vile vile kila mara. Inakua.

Jericho na majina ya wafu

Kwa nini ndoto hii ifufuke baada ya kufukuzwa Ofafa Jericho? Riwaya haikai mtaani humo kwa muda mrefu, na hilo ni pungufu lake moja. Hata hivyo jina la mtaa linasema mengi. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari. Si mbali na hapo kuna mtaa wa Mbotela, wenye jina la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa mwaka 1952 na mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na makumi ya maelfu ya Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru walichujwa. Wengi walipelekwa kizuizini. Makazi ya Waafrika mashariki ya jiji ndiyo yaliyobeba uzito wa msako huo. Mtu aliyetolewa nje na mizigo yake kutupwa katika mtaa wa Eastlands hakuwa jambo geni katika kumbukumbu ya mahali hapo.

Warĩĩnga, ambaye wazazi wake walimezwa na kizuizi cha miaka hiyo, anatolewa nje baada ya uhuru na watu weusi, katika mtaa uliopewa jina la mtu aliyeuawa wakati wa ukoloni. Ndipo Shetani anaposhushwa tena msalabani. Ndoto inajirudia kwa sababu tukio limejirudia. Hii ndiyo maana ya siku tatu za ndoto: katika Injili muda huo unaishia kwenye ufufuko unaokamilisha hadithi; hapa unaishia kwenye ufufuko unaoianza upya.

Ikumbukwe pia kwamba ndoto hii haiji kitandani. Mwotaji hana kitanda tena. Ndoto iliyokuwa ya usiku na ya siri imemfuata njiani, mbele ya wapita njia, na anayemshika asianguke ni kijana asiyemjua, ambaye anampa kadi ya mwaliko wa karamu ya Shetani huko Ilmorog. Baadaye inabainika kuwa kadi hiyo ni ya kejeli, iliyochapishwa na wapinzani wa karamu, na kwamba kadi halisi inawaita wezi na wanyang'anyi bila kumtaja Shetani. Hapa mwandishi ni fundi. Wapo wengine nchini, wasiomjua Warĩĩnga, walioona alichokiona akafikiri ni ugonjwa wake.

Nani mgonjwa?

Suala la ugonjwa si dogo, hasa Nairobi. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha The Psychology of Mau Mau ya J. C. Carothers, daktari aliyepata kuisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Kitabu hicho kilitafuta chanzo cha vita katika akili za wapiganaji, na kuyapa nafasi ndogo mno malalamiko yao juu ya ardhi. Usomaji wowote unaoifungia ndoto ya Warĩĩnga ndani ya kichwa chake, kama dalili ya mwanamke aliyevunjika moyo, unapita njia hiyo hiyo bila kujua.

Carl Jung naye alifika Kenya mwaka 1925. Katika kumbukumbu zake anasimulia mazungumzo na mganga mmoja wa Mlima Elgon, ambaye alimweleza kwa huzuni kwamba zamani waganga waliota na kujua habari za vita na maradhi, lakini tangu Waingereza waje ndoto hizo zimekoma, maana wao wanajua kila kitu. Jung alilisikitikia hilo kama kifo cha ndoto kubwa, zile zinazoihusu jamii nzima. Katika safari hiyo hiyo aliota kinyozi wake Mwafrika wa Marekani akimkaribishia kichwani chuma cha moto ili nywele zake ziwe za kipilipili, akaamka na hofu ya kumezwa na Afrika. Warĩĩnga anaanza riwaya akiwa na chuma kile kile mkononi, akizichoma nywele ili zinyooke, na akijipaka dawa za kuing'arisha ngozi. Mzungu aliogopa chuma hicho ndotoni. Mwafrika anakitumia akiwa macho, kila wiki, kwa fedha zake. Ngozi nyeupe ya Shetani wa ndoto na ngozi ambayo Warĩĩnga anaitamani mchana ni ngozi moja. Hii ndiyo sababu nyingine ya ndoto kurudi, na ndiyo ambayo tafsiri ya kisiasa pekee haiifikii. Anachokisulubisha usiku anakinunua dukani asubuhi. Mpaka ugomvi huo ndani yake ukome, usingizi hautatulia.

Kuhusu ndoto kubwa, riwaya inamjibu Jung. Hazikufa. Zimehama kutoka kwa waganga zikaenda kwa makarani waliofukuzwa kazi.

Hitimisho

Katika A Grain of Wheat (1967) Ngũgĩ alikuwa ameanza na ndoto ya Mugo, aliyelala asiweze kujitikisa huku tone la maji likining'inia juu yake. Ilikuwa jinamizi kwa maana kamili ya Kiswahili: ya mtu mmoja, aliyefungwa na siri yake. Warĩĩnga naye anaanza katika upweke, lakini riwaya haimwachi humo. Msimulizi mwenyewe, mpiga gĩcaandĩ, mwanzoni anasitasita kuisimulia habari hii. Anajifungia na kufunga kula kwa siku saba, mpaka sauti inamkemea kwa kuufanya unabii kuwa mali yake peke yake. Yeye naye ameoteshwa, na anapaswa kulipa deni.

Hapo ndipo tofauti kati ya kuota na kuoteshwa inapoifaa riwaya hii. Maadamu Warĩĩnga anadhani anaota, ndoto ni aibu yake na inamrudia. Anapoisimulia, na kugundua kuwa wasafiri wenzake katika matatu ya kwenda Ilmorog wana visa vinavyoikamilisha, ndoto inakuwa ushahidi. Pembe saba za simulizi la kwanza zitaendelea kuwachosha wasomaji, na zinastahili lawama. Lakini ngozi ya yule Mzungu wa Nakuru, matambara ya Bondeni na mizigo iliyotupwa nje Jericho havichoshi. Mhakiki atakayefundisha riwaya hii aanzie hapo.