Video Nzuri Hujulikana Gizani

Ubora wa video iliyohifadhiwa ili itazamwe bila intaneti hauandikwi kwenye jina la faili. Namba 1080p inataja idadi ya mistari ya pikseli, basi. Haisemi pikseli hizo zimelishwa nini. Hata hivyo ndiyo namba inayosifiwa kwenye makundi ya WhatsApp na kwa wajaza flashi: "Hii HD kabisa, halafu MB 700 tu!" Sifa hiyo ni ushahidi dhidi ya faili lenyewe. Filamu ya saa mbili iliyobanwa hadi MB 700 ina wastani usiofika megabiti 0.8 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Picha ya 1080p yenye fremu 24 inadai pikseli karibu milioni 50 kila sekunde, kwa hiyo biti moja inagawiwa pikseli zaidi ya 60. VCD, ambayo wasifiaji hawa huicheka, ilikuwa na megabiti 1.15 kwa sekunde kwa picha ya 352 kwa 288, yaani biti moja kwa pikseli mbili na ushei. Ni kweli MPEG-1 ya VCD ilikuwa kodeki (mbinu ya kubana video) ya kizamani ukiiweka mbele ya H.264 ya mwaka 2003 au HEVC ya 2013, lakini pengo la karibu mara thelathini halizibwi na kodeki peke yake.

Kipimo cha kwanza, basi, ni bitireti, yaani idadi ya biti kwa kila sekunde. Kwa H.264, filamu ya waigizaji ya 1080p isishuke chini ya megabiti 5 kwa sekunde. Kwa HEVC au AV1, isishuke chini ya 2.5. Katuni husamehewa, mpira hausamehewi, kwa sababu nyasi na mashabiki hula biti nyingi sana. Kwa kodeki ileile, faili la 720p lenye megabiti 3 ni bora kuliko la 1080p lenye megabiti 1.5, na hilo halina mjadala. Wenye mitandao wanalijua vizuri: mwaka 2023 YouTube ilianza kuwauzia wanachama wake wa Premium 1080p ya pili, yenye mistari ileile na bitireti kubwa zaidi. Kama namba ya mistari ingekuwa ndiyo ubora, pasingekuwa na cha kuuza.

Kipimo cha pili ni chanzo. Kuhifadhi kunakostahili kuandikiwa mwongozo ni kule kulikoruhusiwa na mwenye kazi: kitufe cha kupakua kilichomo ndani ya programu yenyewe, au filamu zilizotolewa kwa leseni huria. Netflix iliruhusu kupakua mwezi Novemba 2016, na tangu hapo wengi wamepakua kwa mpangilio wa kawaida bila kufungua ukurasa wa mipangilio ambako ubora wa juu unangoja kuchaguliwa. Kuna jambo jingine ambalo muuza simu halisemi. Simu yenye Widevine, mfumo wa kulinda video zisinakiliwe, ya daraja L3 hupewa picha ya kiwango cha chini hata kama kioo chake ni cha 1080p. L1 ndiyo hupewa HD. Mtu anaweza kumaliza bando zima kupakua tamthilia, akalaumu mtandao kwa ukungu uliotokana na simu aliyonunua. Mafaili ya aina hii pia yana ukomo: baadhi hufungwa saa 48 baada ya kuanza kutazamwa. Kwa mazoezi ya jicho, hakuna shule nzuri kuliko filamu huria za Blender, kama Sintel ya 2010 na Tears of Steel ya 2012, ambazo nakala zake za ubora wa juu hupatikana kihalali na mtu anaweza kuzibana mwenyewe kwa bitireti tofauti, akalinganisha.

Kipimo cha tatu ndicho kinachomtenga mjuzi na mshabiki, nacho ni giza.

Mshabiki hutazama uso. Akipewa faili jipya, husogeza hadi penye mwigizaji aliyesimama juani, akaganda hapo, akahesabu ndevu, akatoa hukumu. Ni mahali pabaya kabisa pa kupimia. Uso ulioangaziwa vizuri una kingo kali na tofauti kubwa za mwanga, na hizo ndizo enkoda (programu ya kubana) yoyote, hata mbovu, huziona na kuzihifadhi kwanza. Biti zikipungua, kinachoibiwa ni vile vitu ambavyo enkoda haivioni vikibadilika: ukuta wa chumba kisicho na taa, moshi, anga baada ya magharibi, kivuli cha koti jeusi. Tofauti za mwanga katika sehemu hizo ni ndogo, na hesabu ya kubana huzikadiria kuwa sifuri. Tena picha ya biti 8 ina viwango 220 tu vya mwanga kutoka nyeusi hadi nyeupe, na kivuli chote cha chumba kinaweza kugawana viwango kumi au kumi na tano. Hivyo mahali ambapo giza lilipaswa kukolea polepole, zinatokea ngazi: mkanda mweusi, mkanda wa kijivu, mkanda mwingine, na mipaka yake inaonekana waziwazi. Biti zikipungua zaidi, mikanda nayo huvunjika ikawa miraba.

Namna ya kutazama ni hii. Taa ya chumba izimwe, mwangaza wa kioo uachwe wa kawaida, na itafutwe sehemu ambayo picha inaibuka kutoka kwenye weusi mtupu, au mtu ameshika mshumaa. Jicho liwekwe kwenye ukuta ulio nyuma ya mtu huyo. Video isisimamishwe. Fremu iliyosimamishwa inaweza kuwa fremu kuu, ile inayohifadhiwa nzima, ambayo karibu kila mara hupendeza. Ukweli uko kwenye fremu zinazoifuata. Katika faili lililonyimwa biti, ukuta "hupumua": unakuwa laini, unachafuka taratibu, kisha baada ya sekunde kadhaa unashtuka na kuwa safi tena, kwa sababu fremu kuu nyingine imefika. Kwa mpangilio wa kawaida wa x264, enkoda huria ya H.264, fremu kuu huweza kuachana hadi fremu 250, yaani kama sekunde kumi za sinema. Aliyewahi kuuona mshtuko huo mara moja hawezi tena kutousikia moyoni, na huenda asifurahie kabisa filamu ambazo jirani yake anazisifu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulionekana tarehe 28 Aprili 2019, ilipotoka sehemu ya tatu ya msimu wa nane wa Game of Thrones, iitwayo The Long Night. Vita vyote vilipiganwa usiku, na watazamaji wengi walilalamika kwamba hawaoni kitu. Mpigapicha wake, Fabian Wagner, alitetea giza lile kuwa lilikusudiwa na akawaelekeza watu kwenye mipangilio ya TV zao. Usiku ulikuwa umepigwa kwa ustadi. Uliofika majumbani kwa kutiririshwa ulikuwa umebanwa, moshi ukiwa miraba na theluji ikiwa tope. Wachache waliotambua tatizo lilikuwa wapi ni wale waliozoea kutazama kuta.

Mafundi wa kweli walilijua hilo mapema. Katika x264, iliyoendelezwa kwa miaka na Loren Merritt na Jason Garrett-Glaser, mwaka 2008 iliingizwa mbinu ya kugawa biti kwa kuangalia utulivu wa kila eneo, ili sehemu tulivu zisinyang'anywe haki yao kwa ajili ya sehemu zenye vurugu. Kuta za giza zikapona. Kisha mashabiki wa katuni za Kijapani, watu wasumbufu kuliko wote katika fani hii na kwa hiyo wenye manufaa kuliko wote, wakahamia kwenye biti 10 kuanzia takriban 2011, hata kwa picha iliyoanza na biti 8, kwa kuwa ngazi hupungua sana. Tatizo likawa kwamba TV na simu nyingi zilikataa kucheza H.264 ya biti 10, na hadi leo anayehifadhi kwa ajili ya TV ya sebuleni afadhali achukue HEVC ya biti 10, au abaki na 8.

Inastahili kusemwa pia kwamba kanda ya VHS haikuwa na ngazi. Enzi za vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mtaani, mtafsiri Lufufu akitafsiri filamu kwa sauti yake juu ya kanda iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala, giza lilijaa chenga, lakini lilikuwa giza la kipande kimoja. Chenga zile zilifanya kazi yenye maana: zilichanganya viwango vya mwanga hata jicho lisione mpaka kati ya kimoja na kingine. Chembe za filamu ya sinema hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kuziondoa chembe ni kosa, na hapa ndipo ulaghai unapoanza.

Ulaghai wa kwanza ni kusafisha. Chembe hula biti nyingi, hivyo mbanaji mvivu huzifuta kwanza, faili likapungua na picha "ikang'aa". Toleo la Blu-ray la mwaka 2010 la filamu ya Predator limebaki mfano wa kufundishia: chembe zilifutwa hadi Arnold Schwarzenegger akawa na ngozi ya nta, msituni, katikati ya jasho. Wako waliolisifu kwa usafi wake. Njia ya heshima ni ile ya AV1, ambayo inaweza kupima chembe, kuziondoa, na kuagiza kifaa cha mtazamaji kizirudishe zinazofanana nazo wakati wa kucheza.

Ulaghai wa pili ni kukuza. Faili la 480p hunyooshwa hadi 1080p na kubandikwa jina jipya, sawa na kuongeza maji kwenye maziwa ili chupa ijae. Hutambulika kwa nywele na maandishi ya mbali: kingo zina utepe mweupe kandokando, wala hakuna uzi mmoja wa nywele unaojitegemea.

Ulaghai wa tatu ni wa wasomi. Netflix ilitoa VMAF, kipimo cha kompyuta cha ubora wa picha, mwaka 2016, na haikuchukua muda watu kugundua kwamba kunoa picha kabla ya kuibana hupandisha alama bila kuongeza chochote, hadi mwaka 2020 likatolewa toleo la NEG lisilohesabu unoaji. VMAF yenyewe haikuziona vizuri ngazi za giza. Kipimo maalumu cha ngazi, CAMBI, kilitokea 2021. Hata mashine, kwa hiyo, ilianza kwa kutazama uso.

Sauti haihitaji maneno mengi. AAC ya stirio yenye kilobiti 128 kwa sekunde ndiyo sakafu. Sauti ya 5.1 kwa TV yenye spika mbili huzamisha mazungumzo na kuinua milipuko, na baadhi ya aina za sauti hazichezwi kabisa na TV za bei nafuu, zikaacha picha bubu. Maandishi ya tafsiri yawe faili la pembeni. Yaliyochomwa ndani ya picha ni uharibifu hata yawe ya Kiswahili fasaha.

Muda nao una dosari zake. Filamu ya fremu 24 iliyopitia mfumo wa televisheni wa PAL hukimbia kwa asilimia 4, ya dakika 100 ikamalizika kwa 96, na sauti za waigizaji zikapanda kidogo. Nakala nyingi za zamani zilizokuzwa upya bado zina haraka hiyo.

Mwisho ni chombo cha kuhifadhia. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na filamu ya saa mbili kwa megabiti 5 huchukua GB 4.5. Filamu ngapi zimebanwa upya na kuuawa kwa sababu hiyo tu! Dawa ni kufomati kwa exFAT, au NTFS kama TV haisomi exFAT. WhatsApp isitumike kupeleka video ya maana isipokuwa kama dokumenti, maana ikitumwa kama video hubanwa tena njiani. Flashi za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa na terabaiti 1 mara nyingi ni za uongo: hupokea kila kitu bila kulalamika, huonyesha majina yote, kisha filamu huganda ikifika katikati. Kabla ya kufuta nakala ya kwanza, faili lililohamishwa lichezwe kutoka kwenye flashi yenyewe, katikati na dakika kumi za mwisho, kwenye TV itakayotumika.