Kumsoma Mtoto wa Wiki 28

Mtoto aliyezaliwa na wiki 28 ana uzito wa takriban kilo 1. Kope zake hazina muda mrefu tangu zifunguke, na masikio tayari yanasikia. Alitakiwa akae wiki 12 zaidi tumboni, gizani, kajikunja, magoti kifuani na mikono karibu na mdomo. Sasa amelala ndani ya inkubeta, juu kuna taa kali, mashine zinalia, na kila mara mkono wa mtu unaingia kumchoma sindano, kumpima au kumbadilisha nepi. Madaktari wanaipigania pumzi yake. Kando yao kasimama mtaalamu mwingine, wa tiba ya makuzi, ambaye mgeni akiingia wodini anaweza kudhani hana kazi. Ameshika karatasi na kalamu, anamtazama mtoto.

Huko kutazama ndiko kazi yenyewe inakoanzia.

Heidelise Als, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Boston, Marekani, ndiye aliyeiwekea kazi hii misingi katika miaka ya 1980. Alishikilia kwamba mtoto njiti, hata kabla hajaweza kulia kwa sauti, anajieleza kwa mwili wake. Akitanua vidole, akipinda mgongo, akishikwa na kwikwi au akibadilika rangi, amezidiwa. Akipeleka mkono mdomoni, akikamata kitambaa, pumzi ikienda sawasawa, anaimudu hali. Katika utaratibu wa Als, unaojulikana kwa kifupi cha NIDCAP, mtazamaji huandika anachokiona kila baada ya dakika 2: kabla muuguzi hajamgusa mtoto, wakati anamhudumia, na baada ya kumaliza.

Chukua shughuli ndogo ya kubadilisha nepi. Muuguzi mwenye haraka humlaza mtoto chali na kumwinua miguu. Papo hapo vidole vinatanuka, mikono inarushwa hewani, namba ya oksijeni inashuka kwenye skrini, na rangi kuzunguka midomo inageuka kijivu. Siku ya pili shughuli ileile inafanywa mtoto akiwa amelala ubavu, huku mama akimkingia kichwa na nyayo kwa viganja vyake. Mtoto akikunja uso, wanasimama kidogo, kisha wanaendelea. Zikiandikwa vizuri, siku hizo mbili zinatosha kuzaa sentensi moja ya mpango wa kumhudumia mtoto huyo, na muuguzi wa zamu ya usiku ataifuata bila kuhitaji kuelezwa upya.

Mpango mzuri hujengwa kwa sentensi za namna hiyo. Mtoto huyu alazwe ubavu, azungushiwe khanga iliyoviringishwa ili miguu ipate mahali pa kujikita. Inkubeta ifunikwe mchana. Vipimo viunganishwe ili alale kwa muda mrefu, lakini visirundikwe hadi vimchoshe. Sauti wodini zisipite desibeli 45, kiwango kilichopendekezwa na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani. Asilazimishwe kunyonya mapema, kwa kuwa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kushikana vizuri karibu na wiki ya 34. Kwa sasa apakwe matone ya dang'a ya mama yake mdomoni. Wiki ijayo mtoto atakuwa mwingine, na mpango utaandikwa upya. Ufundi mkubwa hapa ni kujua la kuacha, na hilo hupatikana kwa kukaa na mtoto mmoja mmoja.

Ni haki kusema kwamba tafiti kuhusu NIDCAP nzima zimetoa majibu yanayotofautiana. Kuhusu kumweka mtoto kwenye kifua cha mama, hata hivyo, ushahidi ni mzito. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, Dkt. Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao kwa sababu wodi ilikuwa imefurika na inkubeta hazikutosha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwapa mama wa watoto wadogo nafasi hiyo mara tu baada ya kujifungua, bila kusubiri mtoto atengemae. Vifo vilipungua kwa asilimia 25, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Mwaka 2022 shirika hilo likaufanya utaratibu huo kuwa pendekezo lake kwa dunia nzima.

Kwa hiyo mpango wa tiba ya makuzi usiomtaja mama una pengo katikati. Yeye ndiye atakayeondoka na mtoto, na ndiye atakayehitaji kuambiwa kwamba mtoto aliyewahi kwa wiki 12, akifikisha miezi 6, ahesabiwe kama wa miezi 3 hivi anapopimwa kukaa na kushika. Wanaochora wodi mpya za watoto njiti Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura waanze na kitanda cha mama kando ya kila inkubeta, ndipo waagize mashine.