Kitufe cha Kutelezesha: Nimekigusa Katesh, na Cha Kubonyeza Sikitaki Tena

Jamani, nimekigusa! Kitufe cha ukurasa wa wavuti ambacho hakibonyezwi. Unaweka gumba kwenye kishikio upande wa kushoto, unakitelezesha mpaka ukingo wa kulia, na hapo ndipo oda inakwenda. Ukiachia njiani, kishikio kinarudi kilikotoka na hakuna hata shilingi iliyotoka. Nimekipachika kwenye ukurasa wa majaribio tunaowatengenezea wanunuzi wa vitunguu swaumu vya Mbulu, na kwa hatua ya malipo sioni tena sababu ya kutumia kitu kingine.

Kinachonisisimua ni jinsi kinavyowafaa watu wa huku Hanang na Mbulu. Mtu wa Hanang halipi akiwa ametulia mezani. Yuko mnadani Katesh, upepo unashuka kutoka mlimani, mkono mmoja umeshika kamba ya ng'ombe na mwingine umeshika simu ya kupangusa yenye kioo kilichopasuka pembeni. Mwenzake wa Mbulu anapakia magunia, vidole vimejaa vumbi na maganda ya vitunguu. Kwa watu hawa kitufe cha kawaida ni hatari tupu: kidole kikigusa tu bila kukusudia, laki mbili na zaidi imeshaondoka.

Sisi uthibitisho tumeuzoea siku nyingi. Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, hata mwenye kitochi alijifunza mwendo wake: *150*00#, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, halafu 1 kukubali. Hatua ni nyingi, lakini kila moja inakupa nafasi ya kujirudi. Kurasa za wavuti zikatuletea kisanduku cha “Una uhakika?”, ambacho watu hukikubali kabla hawajamaliza kukisoma, kwa sababu kidole kimeshazoea kubonyeza palepale. Kutelezesha ni tendo la aina nyingine kabisa. Ni kama kuvuta komeo la mlango: halifunguki kwa kuguswa, lakini anayetaka kulifungua halimsumbui.

Hebu kitazame kwa karibu. Gumba la mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja haliendi kwa mstari ulionyooka. Linachora upinde, na katikati ya safari mara nyingi linatoka nje ya kitufe. Vitufe vya kutelezesha vilivyotengenezwa ovyo hukwama hapo. Hiki hakikwami! Kinatumia setPointerCapture, amri inayokiambia kivinjari kwamba kidole hiki ni cha kishikio hiki mpaka kitakapoinuliwa, hata kikipotea njia. Na kwa kuwa touch-action imewekwa pan-y, ukurasa bado unapanda na kushuka kama kawaida, ila mwendo wa kulia na kushoto ni mali ya kitufe. Matokeo yake ni laini ajabu, hata kwenye simu ya bei ya chini.

Sasa njoo kwenye kukigeuza upendavyo, maana hapa ndipo nilipopagawa. Rangi, kimo, mviringo wa pembe, alama ya mshale, vyote vinabadilishwa kwa mistari michache ya CSS. Unaamua pia kishikio kifike wapi ndipo kihesabiwe kimefika. Mimi nimeweka asilimia 90 ya njia. Lakini hazina yenyewe ni maandishi. Njia ya kishikio ni ndefu na ina nafasi, kwa hiyo nimeandika humo “Telezesha kulipa Sh 240,000”. Kiasi kiko chini ya kidole chenyewe! Gumba linaposogea, jicho linapita juu ya tarakimu zile zile zinazotoka mfukoni. Aliyeongeza sifuri moja kwa bahati mbaya ana muda wa kuiona na kuachia. Hakuna kisanduku cha onyo kilichowahi kunipa kinga ya namna hiyo.

Kingine ni mtandao. Anayesafiri kati ya Dongobesh na Haydom anajua unavyosuasua. Ukurasa ukinyamaza, mtu hubonyeza tena, na tena, na hapo ndipo malipo mawili ya mzigo mmoja yanapozaliwa. Kitufe hiki kikifika mwisho kinajifunga, kinaandika “Inatuma…”, na hakiguswi tena mpaka jibu lirudi: ama “Imepokelewa”, ama kishikio kirudi mwanzo pamoja na maelezo ya kilichokwama. Bila shaka seva nayo itimize wajibu wake. Kila oda ipewe namba yake ya pekee, ili ikiingia mara mbili itambulike kuwa ni ileile.

Wazo la kutelezesha lenyewe si geni. Apple ilipoonyesha iPhone ya kwanza Januari 2007, kufungua simu kwa kutelezesha kidole kuliwaduwaza watazamaji, na baadaye Apple na Samsung zikafikishana mahakamani kwa ajili ya ishara hiyo. Mwaka 2016, toleo la iOS 10 likaiondoa kwenye kufungua simu. Kwangu mimi mahali pake pa haki ni hapa: pale penye pesa, pale penye kufuta, pale ambapo kurudi nyuma ni kazi ngumu.

Na usidhani wasioweza kuburuta wametupwa. Mwongozo wa W3C wa kurasa zinazofikiwa na wote, WCAG 2.2 wa Oktoba 2023, unataka kinachofanywa kwa kuburuta kiweze pia kufanywa bila kuburuta, isipokuwa pale kuburuta kwenyewe kunapokuwa hakuepukiki. Kitufe hiki kinatii: mwenye mikono inayotetemeka anagusa mara moja, kinatokea kitufe cha pili cha kukubali, basi. Mwenye kibodi anatumia mishale. Na ndani yake kimefichwa kitufe cha kawaida kabisa, kwa hiyo kama JavaScript haikufika, au mtu anatumia Opera Mini iliyobana kurasa ili kuokoa bando, oda bado inawezekana. Huo ndio uungwana ninaoutaka kwenye kazi ya wavuti!

Ninachokitamani bado ni mtikisiko. Kwenye Chrome ya Android simu inatetemeka kidogo kishikio kinapofika mwisho, na raha yake haielezeki; kwenye Safari ya iPhone kivinjari hakiruhusu, kwa hiyo rangi na maandishi vinabeba kazi yote.

Hukumu yangu: kiwekeni. Msikitumie kwenye kutafuta wala kufungua kurasa, kitawachosha watu bure. Kila ukurasa upewe kimoja tu, kwenye tendo la mwisho lisilorudi nyuma, na kiasi kiandikwe ndani yake. Wenzangu mnaojengea kurasa vyama vya ushirika, maduka ya pembejeo na wauza mifugo wa Mbulu na Hanang, anzeni na hatua ya malipo wiki hii hii. Mkulima aliyelima msimu mzima anastahili kitufe kinachosubiri mpaka yeye mwenyewe akusudie.