Kijana Asiye na Mwelekeo: Jinsi ya Kuitambua Komedi Bora ya Mapenzi

Komedi za mapenzi kuhusu kijana mtu mzima asiyejua anataka nini ni nyingi, na nyingi hufuata njia moja: anazubaa, anapenda, anaachwa, anazinduka, anarudiwa. Swali la kuzipimia ni hili: je, kijana amekua, au amepata mchumba tu? Ili ulijibu, angalia mambo manne.

Kuzubaa kuwe na sura
Filamu hafifu humlaza kijana kwenye kochi, basi. Filamu bora huonyesha namna yake mwenyewe ya kupotea. Katika The Worst Person in the World (2021) ya Joachim Trier, Julie wa Oslo anaacha udaktari akasome saikolojia, kisha anaacha saikolojia ashike kamera, na utangulizi haujaisha. Si mvivu. Kila mlango huufungua kwa bidii, halafu akaogopa kufungiwa ndani.

Kicheko kitoke kwenye kasoro ileile
Kuteleza na kuanguka huchekesha katika filamu yoyote. Lakini katika Frances Ha (2012) ya Noah Baumbach, Frances, mwenye miaka 27, anakwenda Paris kwa siku mbili kwa kadi ya mkopo, na usingizi unammalizia muda. Tunacheka huku tukiuona ugonjwa wake: anataka kuonekana ana maisha kabla hajayajenga.

Mpenzi awe mtu, asiwe dawa
Aksel, mchora katuni anayemzidi Julie umri, ana kazi yake na anataka watoto. Wanapoachana, naye ana hoja nzito, nasi hatujui tumuunge mkono nani. Pima hivyohivyo tukio tamu kuliko yote. Julie anapomkimbilia Eivind, mwanamume mwingine aliyemvutia, Oslo nzima inaganda, watu na magari. Ni raha kuitazama, na papo hapo inamfichua: anatamani kupenda bila saa kutembea wala mtu kuumia. Tukio la mapenzi likibeba uzuri na kasoro kwa pamoja, ujue uko mikononi mwa fundi.

Mwondoe mpenzi
Filamu ikiisha, mtoe mpenzi kichwani mwako uone kinachobaki. Kwa Frances kunabaki kazi ya ofisini aliyoikataa mwanzoni, dansi aliyoitunga mwenyewe na nyumba yenye jina lake kwenye sanduku la barua. Kwa Julie inabaki kamera, na sasa inampa mshahara. Hao wamekua.

Kwa Benjamin, katika The Graduate (1967), hakibaki kitu. Anamtorosha Elaine kanisani siku ya harusi yake na mwanamume mwingine, wanapanda basi, wanakaa kiti cha nyuma wakicheka. Mwongozaji wa kawaida angekata hapo. Mike Nichols, aliyeshinda tuzo ya Oscar kwa kazi hii, aliiacha kamera iendelee mpaka tabasamu zikafifia na kila mmoja akawa anatazama mbele, asijue la kusema. Benjamin hajakua, na filamu inajua hivyo.

Kwa hiyo usiishushe filamu daraja kwa sababu kijana wake amebaki vilevile. Ishushe inapotutaka tuamini kwamba amekua kwa kuwa amependwa.