Mficha Nyonga Hazai

Tatizo la upimaji wa nyonga za mbwa wakubwa si bei. Nalisema mapema ili waliokuja kulalamikia bei ya eksirei wajue kuwa hapa hawatapata mwenzao. Tatizo ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya OFA, taasisi ya Marekani inayosoma picha za nyonga za mbwa na kutoa vyeti, kile ambacho mwenye mbwa huandika herufi za mwanzo za jina lake akikubali matokeo mabaya nayo yatangazwe. Asipoandika, na mbwa akakutwa na displasia, yaani kiungo cha nyonga kisichokaa sawasawa, matokeo yanabaki kabatini. Mbwa akikutwa mzima, yanatangazwa bila yeyote kuulizwa. Huo ndio uamuzi ninaouita kosa, na nilikuwa nikiuita hivyo kabla baadhi yenu hamjanunua Rottweiler wenu wa kwanza.

Mengine mengi ya OFA sina neno nayo. Wasomaji watatu, kila mmoja akisoma picha peke yake, madaraja saba, cheti cha kudumu hakitoki kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kazi safi.

Sasa tufuate pesa. Mwenye mbwa anamlipa daktari, analipia dawa ya usingizi, analipia picha yenyewe, na mwisho kabisa analipia ada ya kusomewa. Kinachouma hapo ni kliniki. Ada ya kusomewa ni kipande kidogo tu cha bili. Picha imetoka, iko kwenye skrini, na daktari aliyekwisha kuona nyonga nyingi hahitaji jopo la watu watatu kumwambia anachokitazama: kikombe hakina kina, kichwa cha paja kimechungulia nje, pembe ya Norberg, inayopima kichwa cha paja kilivyokaa kikombeni, haikaribii hata nyuzi 105. Anamgeukia mteja na kumshauri asipoteze pesa zaidi kuituma. Mteja anashukuru, anakunja risiti, anaondoka.

Hapo ndipo mchezo ulipofia. Wameokoa kipande kidogo cha gharama na kutupa kitu ambacho gharama nzima ilikuwa inakitafuta. Mbwa alilazwa usingizi, alinyooshwa miguu, alipigwa mionzi, na jibu likapatikana. Jibu hilo lilikuwa mali ya kila mtu mwenye ndugu wa yule mbwa. Limeishia kwenye kompyuta ya kliniki. Hata yule mwadilifu anayeituma picha bado anapewa mlango wa pili wa kutokea, ndicho kile kisanduku. Milango miwili, na yote inafunguka upande mmoja: nyonga nzuri zinaingia, mbaya zinatoka.

Msidhani nakisia. Mwaka 2005, jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha utafiti wa Golden Retriever na Rottweiler ulioangalia picha zilizotumwa na zisizotumwa. Picha zenye nyonga nzuri zilikuwa na uwezekano wa kutumwa OFA mara 8.2 zaidi ya zile zenye displasia. Watafiti walipozihesabu zote, displasia kwa Golden Retriever ilikuwa kati ya asilimia 53 na 73, na kwa Rottweiler kati ya asilimia 41 na 69. Linganisheni na takwimu ambazo wauzaji hupenda kuzinukuu. Ni sawa na mwalimu anayewaruhusu walioanguka mtihani waende na karatasi zao nyumbani, kisha anasimama mbele ya wazazi kutangaza wastani wa darasa.

Na hasara haiishii kwenye takwimu. Displasia inarithiwa kupitia vinasaba vingi, na chakula na uzito navyo vina mkono wao. Ndiyo maana nyonga za mbwa mmoja zinasema kidogo sana kuhusu watoto atakaozaa. Dume mwenye daraja zuri ambaye ndugu zake sita wa tumbo moja wameharibika ni hatari kuliko dume wa daraja la kuridhisha ambaye ndugu zake wote ni wazima. Mzalishaji yeyote makini anajua hili. Lakini atawajuaje wale sita? Kwenye daftari la OFA hawamo. Anaona dume, anaona cheti, anaona nafasi tupu pembeni na kudhani kuwa ndugu hawakupimwa. Pengine walipimwa wote na wakalipiwa wote. Wazee walisema mficha uchi hazai. Huyu mficha nyonga anazaa kila mwaka, na watoto wanauzwa kwa bei ya juu kwa sababu baba ana cheti.

Utetezi naujua. Wanasema mkiwalazimisha watu kutangaza, hawatapima kabisa, na heri nusu ya ukweli. Utetezi huu ulishajibiwa mara nyingi, tena jibu mojawapo limo ndani ya OFA yenyewe. Tangu 2001, wakishirikiana na mfuko wa afya wa AKC, chama cha mbwa cha Marekani, wana mpango wa CHIC: hupati namba bila kukubali matokeo yote yawe wazi, mazuri kwa mabaya. Watu wanapima na wanapata namba zao. PennHIP, wenye njia nyingine ya kupima ulegevu wa nyonga, nao wanamtaka daktari aliyehitimu mafunzo yao atume kila picha anayoipiga, hata ile inayomtia mteja aibu. Kama hao wameweza, kisanduku kinamlinda nani?

Sweden walikwenda mbali zaidi. Kule matokeo ya picha rasmi yanaingia kwenye daftari la wazi la chama cha mbwa, nyonga iwe nzima au mbovu. Mwaka 1997 mtafiti Swenson na wenzake walichapisha hesabu ya mbegu saba za mbwa, wakiweka gharama upande mmoja na faida upande wa pili. Mpango wa upimaji uligharimu kidogo kuliko hasara ya mbwa ambao wangeharibika bila mpango. Hesabu hiyo inawezekana pale tu matokeo yote yanapoonekana. Anayesema upimaji ni ghali kwanza aulizwe anapima chini ya utaratibu upi.

Na mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya The Seeing Eye ya Morristown, New Jersey, wanaozalisha mbwa wa kuwaongoza wasioona. Wao hawakuwa na mteja wa kumficha kitu, maana mbwa mbovu ni hasara yao wenyewe. Walikokotoa thamani ya uzalishaji ya kila mbwa kutokana na ukoo mzima. Katika vizazi visivyozidi vitano, displasia kwa German Shepherd ilishuka kutoka asilimia 55 hadi 24, na kwa Labrador kutoka 30 hadi 10. Eksirei ni ileile. Tofauti ni kwamba hakuna picha iliyopotea njiani.

Ndiyo maana ninapowasikia vijana wakisifu kanzidata za leo namkumbuka Schnelle, daktari wa mifugo wa Boston. Mwaka 1935 hakuwa na kanzidata wala cheti cha kuuza. Alikuta mbwa wenye nyonga mbovu, akaandika alichokiona. Elimu hii yote ilianzia kwenye nyonga mbaya iliyotangazwa. John Olin naye, aliyeianzisha OFA mwaka 1966, alikuwa mtu wa mawindo: Labrador wake, King Buck, alichukua ubingwa wa taifa wa Marekani mwaka 1952 na 1953. Mtu wa namna hiyo anajua mbwa anashinda porini kwa miguu, karatasi baadaye. Taasisi ikatoka kwenye mikono hiyo, halafu ikaruhusu karatasi kuwa na siri!

Kwa kuwa nimeshakasirika, nimalizie na mawili yangu ya siku zote. Kwanza ni lile pozi la miguu iliyonyooshwa nyuma. Linakaza kifuko cha kiungo na kuuficha ulegevu, nalo ndilo OFA wanalolisoma. Mwaka 2010 watafiti waliwapima mbwa walewale kwa njia ya OFA na kwa ile ya PennHIP. Kati ya waliopewa daraja la juu kabisa na OFA, asilimia 52 walikuwa na ulegevu wa 0.30 au zaidi kwa kipimo cha PennHIP, kiwango ambacho kuanzia hapo hatari ya yabisi inaanza kupanda. Daraja la pili walikuwa asilimia 82, la tatu 94. Gail Smith wa Pennsylvania alianza kazi iliyozaa PennHIP mwaka 1983, na mbwa anaweza kupimwa akiwa na wiki 16 tu, kabla hujamtumia pesa za miaka miwili. Ndiyo, picha ni nyingi na bili ni kubwa. Lipeni.

Pili, bakuli. Katika utafiti wa Labrador 48 wa Marekani, nusu walipewa chakula pungufu kwa robo. Walipofika miaka miwili, waliokutwa na displasia walikuwa 7 kati ya 24 kwenye kundi la chakula kidogo, na 16 kati ya 24 kwenye kundi la walioshiba. Kupunguza chakula hakuna ada. Lakini nendeni kwenye maonyesho yoyote mtazame watoto wa miezi sita walivyonona, na waamuzi wanavyowapapasa kwa furaha.

Nanyi mnaoagiza mbwa kutoka nje mkiwa Nairobi au Dar es Salaam, mkitumiwa cheti cha baba na cheti cha mama kwenye simu, msitume pesa bado. Mwombeni muuzaji majina ya ndugu wote wa tumbo moja na baba, na ya ndugu wa mama, mkawatafute kwenye daftari mmoja mmoja. Kila nafasi tupu ihesabuni kuwa nyonga mbovu mpaka aonyeshe picha. Akikasirika, mwacheni na mbwa wake.

Wazalishaji wa hapa wana nafasi ya kuanza vizuri, kwa sababu bado hatuna daftari la kuharibu. Kabla mbwa hajachomwa sindano ya usingizi, mwenyewe atie sahihi kwamba picha itatumwa na matokeo yatatangazwa, yaweje. Asiyetaka kusaini arudi na mbwa wake nyumbani, naye asitangaze watoto kuwa wana wazazi waliopimwa.