Mende, Samadi na Hali ya Hewa: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

Tuliletewa rasimu ya tafsiri yenye kurasa nne ili tuipitie kabla haijapelekwa kwa wafugaji na wakulima wa Mabogini, katika tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi. Rasimu hiyo inaeleza kazi ya wanaikolojia waliochunguza wadudu walao mavi katika Mlima Kilimanjaro. Kiswahili chake ni chepesi, wala hakina makosa ya sarufi ya kutajwa. Hata hivyo sentensi moja ya ukurasa wa tatu ilitusimamisha: "Dawa ya minyoo hubaki katika samadi na kuua mende pamoja na mabuu yao." Mwandishi wa asili alikusudia onyo. Mfugaji wa Mabogini ataisoma kama sifa ya dawa hiyo, na huenda akaenda dukani kuuliza bei yake.

Kosa la kwanza ni mende. Mende ajulikanaye na kila mtu ni yule wa kabatini na chooni, naye kwa elimu ya wadudu ni wa kundi lingine kabisa. Wadudu wanaozungumzwa hapa ni mbawakawa, yaani wale ambao jozi ya mbele ya mbawa zao imekuwa gamba gumu linaloifunika jozi ya nyuma. (Alisikiaye jina hilo hukumbuka kawa ifunikayo chakula, hatudai kwamba ndiyo asili yake, lakini kwa mwalimu wa darasani ni msaada mzuri.) Mbawakawa wakubwa weusi huitwa pia dundu. Mfasiri alikuwa na maneno mawili ya Kiswahili mikononi mwake, akayaacha yote mawili na kuchukua jina la mdudu ambaye watu humwua bila kuulizana. Tangu Yngve Sjöstedt wa Uswidi alipokusanya wanyama na wadudu wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, wadudu wa mlima huu wameandikwa kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Hatuoni sababu ya wao kuingia katika Kiswahili kwa jina lisilo lao.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo limetokana na adabu. Mfasiri ameona haya kuandika mavi, akaandika samadi toka mwanzo hadi mwisho. Lakini samadi ni mavi ya mifugo yaliyokwisha kutengwa kwa ajili ya shamba. Huko juu mlimani, ambako ng'ombe hufungwa bandani na kukatiwa majani, neno hilo lina mahali pake: mavi huzolewa bandani yakapelekwa kwenye migomba ya kihamba, na tangu yanapozolewa ni samadi. Tambarareni mambo ni mengine. Ng'ombe anapochungwa, mavi hubaki pale pale yalipoanguka, na anayeyafikisha ndani ya ardhi si mtu mwenye jembe bali ni mbawakawa. Kusema kwamba mdudu huyu "hula samadi" ni kumfanya mwizi wa mali ya mkulima, ilhali yeye ndiye mmoja wa wanaoyageuza mavi kuwa rutuba. Neno kinyesi nalo lina walakini wake, kwa kuwa msomaji wa kawaida aghalabu hufikiri kwanza kinyesi cha binadamu, na papo hapo anangojea kuhubiriwa habari za vyoo.

Ukubwa wa kazi yenyewe wastahili neno lililo wazi. Katika Tsavo, jirani yetu upande wa Kenya, Anderson na Coe waliandika mwaka 1974 kwamba mbawakawa wapatao 16,000 waliyajia mavi ya tembo ya kilo 1.5 na kuyamaliza kwa muda wa saa mbili.

Wataalamu huwagawa wadudu hawa kwa namna wanavyoyatendea mavi. Wako wanaokata kipande, wakakifanya mviringo na kwenda nacho mbali. Wako wanaochimba chini ya rundo lenyewe na kuyashusha shimoni. Na wako wanaokaa humo humo ndani ya rundo na kuzaliana. Mfasiri amekopa majina matatu ya Kigiriki na kuyatia irabu mwishoni, kisha akayaacha bila maelezo. Sisi twapendekeza mbingirishaji, mfukiaji na mkaaji. Yatazamwe pia maneno kuviringa na kubingirisha, ambayo rasimu imeyachanganya: mdudu huviringa tonge kwanza, ndipo hulibingirisha. Nalo ni tonge au donge. Rasimu inasema "mpira", nasi tulipomsomea kijana mmoja sentensi hiyo aliuliza nani alimpa mdudu mpira.

Tuje sasa kwenye utafiti wenyewe. Friederike Gebert wa Chuo Kikuu cha Würzburg na wenzake walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa wanyama wakubwa wanyonyeshao wa Kilimanjaro, na mwaka 2020 wakachapisha ule wa mbawakawa wa mavi, waliotegwa toka mita 870 hivi hadi mita 4,550 juu ya usawa wa bahari. Mpango wa kazi hizo mbili unapendeza, maana aliyehesabu wanyama watoao mavi ndiye aliyeweza kuuliza kama wingi wa mavi ndio unaotawala wingi wa wadudu. Jibu lilikuwa kwamba tabianchi ndiyo ielezayo zaidi wingi na anuwai ya mbawakawa, kuliko mavi yanayopatikana. Rasimu inasema: "Hali ya hewa ni muhimu kuliko rasilimali za samadi." Hali ya hewa ni ya leo na kesho, mvua ikinyesha imebadilika. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, nao ndio unaotofautisha Mabogini na nyika zilizo juu ya msitu. Isitoshe, wingi na anuwai vimefanywa kitu kimoja. Rundo lenye wadudu elfu wa spishi moja lina wingi bila anuwai, na mwalimu atakayefundisha bioanuwai kwa rasimu hii atawapoteza wanafunzi wake asubuhi ya kwanza.

Kuhusu "mtaalamu wa mazingira" tutasema kidogo tu. Vijijini mtu wa mazingira ni yule ajaye kukagua usafi. Akitajwa kwamba alipita mashambani akitega mitego ya mavi, watu watajiuliza nani ametozwa faini. Mwanaikolojia ni neno linalotosha.

Turudi kwenye sentensi ya ukurasa wa tatu. Dawa inayohusika ni ya jamii ya ivamektini, ambayo sehemu yake hutoka na mavi ya mnyama aliyetibiwa, na kwa siku au majuma kadhaa yaweza kuwadhuru mabuu ya wadudu wanaokulia humo. Tumeiandika hivi: "Dawa hii ya minyoo hutoka pamoja na mavi ya ng'ombe, nayo huwaua watoto wa mbawakawa ambao wangeyafukia mavi hayo na kuirutubisha ardhi yako, mwulize mganga wa mifugo ni ng'ombe yupi anayehitaji dawa na wakati gani." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haimtumi mtu dukani.

Rasimu tumeirudisha. Mfasiri amekubali kumwondoa mende na mpira, na ameipokea tabianchi. Juu ya mavi bado anasita: anasema karatasi itasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, wakiwapo wazee na wakwe zao, na anaomba kinyesi cha ng'ombe kibaki japo katika kichwa cha habari. Tumemjibu kwamba kwenye kichwa cha habari tutavumilia.